Kaisari Aliyevua Taji

Katika mafundisho yote ya dini ya Kikristo, yamkini hakuna fundisho linalokubaliwa upesi kwa ulimi na kukataliwa kwa ukaidi moyoni kuliko hili la ufupi wa umri wa binadamu na ubatili wa fahari za dunia. Mchungaji akisimama kando ya kaburi na kusema kwamba sisi sote tu wapita njia, waombolezaji huitikia kwa vichwa, na wengine kwa machozi. Kisha, kabla udongo haujakauka, wale wale waliotikisa vichwa wamekwisha kuanza kunong'onezana ni nani atakayekikalia kiti cha marehemu ofisini, na shamba lake litagawanywaje. Hata wasifu wa marehemu, ule usomwao siku ya mazishi, aghalabu huwa ni orodha ya vyeo: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akapandishwa, akapandishwa tena, akastaafu, na msomaji huvitaja vyote kwa sauti ya taadhima, hata ule ukatibu wa chama cha ushirika alioushika kwa muda mchache, kana kwamba malaika wa mauti angaligeuka njiani lau angalivisikia mapema.

Asili ya fundisho lenyewe ni ya kale kuliko Ukristo. Kitabu cha Mhubiri, ambacho mapokeo ya zamani yalikinasibisha na Sulemani mwana wa Daudi, na ambacho wataalamu wengi wa leo hukiweka karne nyingi baada yake, ni maneno ya mtu aliyejaribu kila kitu, elimu na anasa, majumba na mizabibu, watumwa na waimbaji, fedha na dhahabu, akaisha kuona kwamba hapana hata kimoja alichoweza kukifumbatia mkononi kikabaki. Zaburi ya 90, iliyopewa jina la Musa, huuhesabu umri wetu kuwa miaka 70, na kwa mwenye nguvu 80, na hata hiyo haisifu. Naye Yakobo, katika waraka wake, aliwageukia wafanyabiashara wa zama zake, watu waliozoea kusema kwamba leo au kesho tutakwenda mji fulani, tukae huko mwaka mzima, tuuze na kununua na kupata faida, akawaambia kwamba hawajui hata litakalotokea kesho, na kwamba ingewapasa kutanguliza kwanza mapenzi ya Mungu. Watu wa mwambao wetu hawana haja ya kufafanuliwa jambo hili, kwa kuwa sijapata kumsikia nahodha wa jahazi akiahidi siku ya kufika Zanzibar pasipo kutanguliza inshallah. Itikadi zatofautiana, ila adabu ni ile ile.

Walakini mfano ulio mkali kuliko yote ni ule wa Injili ya Luka, wa tajiri ambaye shamba lake lilizaa sana hata akakusudia kuzibomoa ghala zake ili ajenge kubwa zaidi. Msomaji na atazame vizuri: mtu huyu hakushitakiwa kwa wizi, wala kwa kuwadhulumu vibarua, wala kwa kughushi mizani. Mvua ilinyesha, akavuna. Kosa lake ni kwamba katika shauri lake lote hakuzungumza na mtu yeyote ila nafsi yake, akaiahidi miaka mingi ya raha ambayo haikuwa yake kuiahidi, na usiku ule ule roho yake ikatakiwa.

Haya ndiyo yanayoufanya msimamo wa Kikristo utofautiane na ule wa mtu aliyekata tamaa. Aliyekata tamaa husema kwamba maisha ni mafupi, basi na tule na tunywe. Mtume Paulo aliyajua maneno hayo, akakiri kwamba yangekuwa na mantiki lau wafu wasingefufuliwa. Mkristo huamini ufufuo, na kwa sababu hiyo ufupi wa maisha kwake si hoja ya kuidharau dunia bali ni hoja ya kutoiwekea amana isiyoweza kuilipa. Mhubiri mwenyewe, pamoja na huzuni yake yote, hakuwaambia watu waache kulima. Aliwaambia wale mkate wao kwa furaha na wafanye kwa nguvu zao zote kazi iliyo mkononi.

Kanisa, kwa kujua kwamba masikio ya wanadamu hulizoea neno hata lisiwaume tena, likalitia fundisho hili katika vitendo. Siku ya Jumatano ya Majivu padre huchovya kidole gumba katika majivu na kuwachora waumini msalaba katika paji la uso, akiwakumbusha, kwa maneno ya desturi ya kale, kwamba ni mavumbi na mavumbini watarudi. Na majivu yenyewe hayatoki jikoni, bali hutokana na kuchomwa kwa matawi yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, yaani yale yale yaliyopeperushwa kwa shangwe za kumlaki mfalme. Na kwa karne nyingi Papa mpya alipokuwa akichukuliwa kwenda kutawazwa, huku watu wakishangilia na tarumbeta zikilia, msafara ulisimamishwa mara tatu, na mbele ya macho yake kikachomwa kitani kilichofungwa katika ncha ya fimbo, kikawaka na kuzimika papo hapo, naye akaambiwa kwamba hivyo ndivyo upitavyo utukufu wa dunia. Papa wa mwisho kuvikwa taji alikuwa Paulo wa Sita, mwaka 1963. Waliomfuata waliiacha sherehe nzima, na taji ilipoondoka, kitani nacho kikaondoka. Sina hakika kama hili la pili lilikuwa faida.

Lakini fundisho hueleweka zaidi likitazamwa katika mtu, na kama tukimtafuta mtu aliyefika kilele cha jaha ya dunia, akakishuka kwa miguu yake mwenyewe, hatutapata mfano ulio dhahiri kuliko Charles wa Tano, Kaisari wa dola lililoitwa Takatifu la Kirumi.

Alizaliwa Ghent mwaka 1500, na urithi ukammiminikia kutoka pande zote: Hispania pamoja na milki zake mpya za Amerika, Napoli na Sicilia kwa upande wa mama; Uholanzi na nchi za Austria kwa upande wa baba. Mwaka 1519, akiwa na umri wa miaka 19, akachaguliwa kuwa Kaisari na wale wakuu saba wa Ujerumani waliokuwa na haki ya kupiga kura, na kura zao hazikuwa za bure, kwa maana sehemu kubwa ya fedha zilizowalainisha ilikopwa kwa Jakob Fugger, tajiri wa mji wa Augsburg, ambaye baadaye hakuona haya kumkumbusha Kaisari kwa barua kwamba bila yeye taji lile lisingepatikana. Mwaka 1525 majeshi ya Charles yakamteka mfalme wa Ufaransa huko Pavia, siku ile ile alipotimiza miaka 25. Mwaka 1530 Papa akamvika taji mjini Bologna, siku ya kuzaliwa kwake tena. Mwaka 1535 akauteka Tunis. Alama yake ilikuwa nguzo mbili za lango la bahari ya Mediterania, mahali ambapo watu wa kale walidhani dunia imekoma, pamoja na maneno ya Kilatini yenye maana ya kusonga mbele zaidi.

Mbele zaidi palikuwa na dhoruba, iliyouangamiza msafara wake wa kuivamia Algiers mwaka 1541. Palikuwa na mgawanyiko wa dini Ujerumani, ambao hakuweza kuuziba kwa mijadala wala kwa upanga. Na mwaka 1552 palikuwa na usiku ule wa fedheha ambapo Kaisari wa nusu ya Ulaya, akiteswa na jongo hata asiweze kupanda farasi, alitoroka Innsbruck amebebwa machelani, akimkimbia Maurice wa Saxony, mtu aliyempandisha cheo yeye mwenyewe.

Tarehe 25 Oktoba, 1555, akawakusanya wakuu wa Uholanzi katika ukumbi wa jumba lake mjini Brussels. Aliingia akiegemea fimbo kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akiegemea bega la William wa Orange, kijana wa miaka 22. Akavaa miwani, akashika karatasi yenye vidokezo alivyojiandikia, akaanza kuzihesabu safari za maisha yake: Ujerumani mara tisa, Hispania mara sita, Italia mara saba, Uholanzi mara kumi, Ufaransa mara nne, Uingereza mara mbili, Afrika mara mbili, fauka ya safari za baharini. Akaeleza kwamba siha yake imekwisha, akawaomba radhi wote aliowakosea, akalia, na ukumbi ukalia naye. Kisha akamkabidhi Philip mwanawe nchi zile, na miezi michache baadaye akamkabidhi Hispania pia. Msomaji huenda akapenda kujua kwamba yule kijana mwenye bega ndiye aliyekuja kuwaongoza Waholanzi katika uasi dhidi ya Philip, hata wengi wa waliolia siku ile wakaishi kuiona ile amana iliyokabidhiwa kwa machozi ikivunjika vipande.

Charles alikwenda kukaa Yuste, katika milima ya Extremadura nchini Hispania, kando ya monasteri ya watawa wa Mtakatifu Jeromu, akawasili Februari 1557. Nyumba yake ilijengwa ikiegemea ukuta wa kanisa, na katika chumba chake cha kulala palitobolewa mwanya wa kutazamia, hata aweze kuiona altare kuu na kuisikia misa akiwa kitandani, siku ambazo jongo halikumruhusu kuinuka. Vitabu vya ibada na hotuba za makanisani zimekuwa zikiutaja mwanya huo kwa miaka mingi. Havikupenda sana kuyataja mengine yaliyokuwamo nyumbani humo. Hakuwa mtawa. Alikuwa na watumishi wapatao 50, mpika bia wake, picha za Titian, na fundi wa saa kutoka Cremona aliyemtunzia zile saa alizokuwa akizipenda mno. Matabibu walimkataza vyakula vilivyolichochea jongo lake. Yeye aliagiza chaza, mikunga na dagaa wa kutiwa chumvi, wakaja kwa nyumbu kupanda milima. Na matarishi hawakukoma: barua za vita, za fedha, za ndoa za kifalme ziliingia na kutoka, na mwaka 1558, iliposikika kwamba wafuasi wa Luther wamegunduliwa katika mji wa Valladolid, yule mzee aliyekwisha kuiaga dunia alimwandikia binti yake, aliyekuwa akishika serikali, akihimiza waadhibiwe pasipo huruma.

Wako wanaosimulia kwamba siku za mwisho alijifanyia mazishi angali hai, akashika mshumaa katika misa ya kujiombea mwenyewe. Kisa hiki kimetoka kwa watawa wa mahali pale, lakini barua za watu wa nyumbani mwake za majuma yale hazikitaji, na wanahistoria wengi hukitilia shaka. Nami sioni hasara kukiacha, kwa maana yaliyo hakika yatosha. Alishikwa na homa, ambayo kila dalili yaonyesha ilikuwa malaria, ile ile tunayoijua sisi, akafa tarehe 21 Septemba, 1558, akiushika msalaba ambao mkewe Isabel aliushika alipokuwa akikata roho miaka 19 kabla yake.

Wakati mwingine husemwa kwamba maisha ya Yuste ni unafiki. Mimi naona ni jambo gumu zaidi kuliko unafiki. Kaisari aliweza kuziacha nchi, kwa sababu nchi huachwa kwa kutia saini. Kuitaka kauli yake itiiwe hakuweza kuiacha, kwa sababu haikuwa katika taji bali ilikuwa ndani yake. Walimu wa kale wa maisha ya kiroho walilijua hili vema. Antonio wa Misri na wenzake waliokimbilia jangwani katika karne ya tatu na ya nne walishuhudia kwamba shetani aliye mkaidi kuliko wote si yule wa shibe wala wa fedha, bali ni yule wa kujisifu, ambaye mtu akiuacha mji humfuata pangoni na kumnong'oneza jinsi alivyo mkubwa kwa kuwa ameuacha mji.

Na huyo Isabel, mke wa Kaisari, ndiye anayetupeleka kwa mtu wa pili wa habari hii. Alifariki Toledo tarehe 1 Mei, 1539, naye alisifiwa kuwa miongoni mwa wanawake wazuri wa zama zake. Kazi ya kuupeleka mwili wake Granada, kwenye makaburi ya wafalme, ikapewa Francisco de Borja, kijana wa miaka 28, mtu wa karibu wa jamaa ya kifalme, ambaye mkewe alikuwa bibi wa heshima wa malkia. Safari ilichukua zaidi ya majuma mawili katika joto la nchi ile. Desturi ilitaka kwamba kabla ya kuzikwa jeneza lifunguliwe, na aliyeleta mwili aape mbele ya mashahidi kuwa huyu ndiye malkia. Likafunguliwa, na Borja, aliyeuona uso ule kila siku barazani, hakuweza kuapa kwa ushahidi wa macho. Aliloweza kuapa ni kwamba mwili ulilindwa barabara njia nzima, na kwa hiyo haikuwezekana kuwa mtu mwingine. Waandishi wa maisha yake husema kwamba hapo ndipo alipoazimia asimtumikie tena bwana yeyote awezaye kufa.

Kisa hiki kimehubiriwa sana, na aghalabu wahubiri huruka moja kwa moja kutoka jeneza hadi utawa. Mambo hayakwenda hivyo. Mwaka ule ule wa 1539 Kaisari alimfanya Borja kuwa liwali wake wa Katalunya, akakubali, akaitawala nchi ile yenye majambazi wengi kwa miaka minne. Mwaka 1543 akarithi ukuu wa Gandía. Alikuwa na mke na watoto wanane, na hakuwatupa. Mkewe alipofariki mwaka 1546 ndipo alipojiunga na Shirika la Yesu, tena kwa siri, kwa sababu Ignasi wa Loyola alimtaka kwanza ayapange mambo ya watoto na raia zake. Mwaka 1551 ndipo alipokabidhi cheo kwa mwanawe na kupewa daraja la upadre. Tangu Granada ilikuwa imepita miaka 12.

Ni lazima hapa nitaje neno ambalo walio maskini wamekuwa na haki ya kulilalamikia. Fundisho la ubatili wa dunia limetumiwa mara nyingi mno na walioshiba kuwanyamazisha wenye njaa: kibarua akidai ujira wake huambiwa ajiwekee hazina mbinguni, na anayemwambia hivyo amekwisha kujiwekea ya kwake benki. Hii ni kuyapotosha Maandiko, kwani ukiyachunguza utaona ni nani wanaoambiwa: mwenye ghala, mfanyabiashara wa Yakobo, mfalme wa Mhubiri. Na Yakobo huyo huyo, aya chache tu baada ya kuwaonya wafanyabiashara, ageuka kwa ukali kuwashutumu matajiri waliozuia mshahara wa wavunaji. Mtume hakumtuma mtu kumwambia mvunaji kwamba mshahara ni ubatili.

Wala fundisho hili si mali ya Wakatoliki peke yao, au ya Wakristo peke yao. John Calvin, aliyekuwa mbali kabisa na Borja kwa itikadi, aliusia azikwe Geneva pasipo jiwe la kumbukumbu, na alipofariki mwaka 1564 ikafanyika hivyo. Na katika mwambao wetu, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, Mwislamu na mwana wa Pate, aliitunga Al-Inkishafi akiiusia nafsi yake kwa kuitazamisha magofu ya mji uliokuwa na majumba ya fahari. Anayeyaelewa yale hatapata ugeni wowote katika Mhubiri.

Borja alipokwisha kuvua vyeo vya dunia, vyeo vya Kanisa vilimwandama. Mara kwa mara ilikusudiwa afanywe kadinali, naye akaepuka kila mara, safari moja kwa kuondoka Roma upesi kabla mambo hayajaiva. Alikuwa na sababu ya kuiogopa njia hiyo, maana babu wa baba yake alikuwa Papa Alexander wa Sita, mtu ambaye tamaa yake ya kuwatukuza wanawe imekuwa methali katika historia ya Kanisa. Lakini mwaka 1565 wenzake walipomchagua kuwa mkuu wa tatu wa shirika zima, hakukimbia. Alikuwa ameona tofauti iliyompita Kaisari: kwamba cheo kinachoepukwa kwa ajili ya sifa ya kukiepuka chaweza kuwa fahari ile ile, na kwamba mzigo waweza kubebwa na mtu asiyejali kama ameonekana akiubeba. Akawatuma mapadre Florida, Peru na Meksiko. Akazisimamia hesabu, nyumba za malezi na barua zisizokwisha, akiwa mgonjwa sehemu kubwa ya muda huo.

Mwaka 1571 Papa Pius wa Tano akamwagiza aandamane na mjumbe wake kwenda kwa wafalme wa Hispania, Ureno na Ufaransa kutafuta umoja dhidi ya Waturuki. Alikuwa na umri wa miaka 60, na hali yake ilikuwa dhaifu kiasi kwamba asingelaumiwa na mtu kama angeomba udhuru. Alikwenda. Akaingia Ufaransa wakati wa baridi kali, akaugua njiani wakati wa kurudi, akapumzishwa Ferrara, akafikishwa Roma amebebwa machelani, na usiku wa kuamkia tarehe 1 Oktoba, 1572, akafariki. Mwaka uliofuata shirika likamchagua Everard Mercurian kushika mahali pake.